Mbuzi Asiye na Mguu

Mbuzi alikuwa wangu. Naanza hapo kwa sababu mwanangu wa kwanza akiisimulia habari hii huko mjini husema, "Niliwachinjia mbuzi," na mimi nimechoka kuisikia. Alikuwa beberu wa rangi ya majivu, mwenye ndevu kama padri. Nilimlisha kwa mkono wangu maganda ya maharage na pumba tangu mvua moja mpaka nyingine, na nilimlisha kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kuposwa binti yangu wa mwisho.

Mimi ni mtu wa Singida. Shule niliishia darasa la nne, nikaja Karatu kijana, nikafanya kazi kwenye mashamba ya kahawa mpaka mgongo ukakataa. Kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakwenda pembeni, nivumilieni, yatarudi. Kwa mfano sasa hivi nimemkumbuka meneja mmoja wa shamba aliyekuwa akivaa soksi nyeupe. Udongo wetu mnaujua, mwekundu, na mvua ikiugusa tu unakupanda mpaka magotini. Soksi zile zilikuwa nyeupe mpaka saa tatu asubuhi, basi. Kesho anakuja na nyingine. Sisi vibarua tulikuwa tukicheka mpaka tunaangusha ndoo. Mwanangu wakati huo alikuwa mdogo, mama yake akimtuma kuniletea uji, na akifika husimama akaziangalia soksi za meneja. Nilidhani na yeye anacheka.

Hakuwa anacheka.

Alipokua alipata kazi kwenye loji moja huko juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Alianza kwa kuosha vyombo, akapandishwa kubeba sinia, sasa ni mkubwa wa wahudumu. Kazi siisemi vibaya. Kazi ni kazi, na kwa kazi hiyo amejenga. Nyumba iko mjini, ina marumaru mpaka barazani, na masika yakifika kila anayepanda ile baraza anatembea kama kuku mwenye kamba mguuni. Ndani kuna sebule ambayo haikaliwi. Makochi yamefunikwa. Kuna kabati la glasi ambazo sijaona mtu akizinywea, na maua ya plastiki ambayo mkamwana wangu huyapangusa vumbi kila siku, na huko nje ya dirisha maua ya kweli yamekauka kwa kukosa maji. Mke wangu husema kwenda kwa mwanawe ni kama kwenda kupigwa picha. Usiegemee, usiguse, usicheke sana.

Lakini mwaka ule wa ugonjwa, watalii walipokatika na loji ikafungwa, huyo huyo mwanangu na mkewe walikuja kukaa kwangu. Walikula makande na sisi kwenye sufuria moja, vijiko tukipokezana, na mkamwana wangu alinenepa. Sikusikia habari ya kitambaa cha mezani. Wageni waliporudi, adabu nayo ikarudi, utadhani ilikuwa imepanda ndege nao.

Haya, binti yangu. Yeye ni mshonaji. Ana cherehani yake sokoni, na siku ya mnada huihamishia mnadani, anapinda shuka za watu. Huko ndiko alikokutana na kijana wa Kimasai kutoka Malambo, mleta mbuzi na kondoo. Kijana mtaratibu. Akija nyumbani alikuwa anamwinamishia mke wangu kichwa amguse, kama wanavyofanya kwao kwa wakubwa, kisha anakaa, anakula, anamaliza. Nilimpenda. Nilimpenda kuliko wale waliokuja kabla yake na pikipiki zao.

Kwao wazee hawakutaka mke asiye Mmasai. Aliwabembeleza muda mrefu, mpaka baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akalegea. Akasema, "Haya, twende tukale nao. Mtu unamjua kwa kula naye." Hawakuahidi zaidi ya hapo. Kama tukila nao vizuri, binti yangu anaolewa. Tusipokula vizuri, basi.

Kijana akamweleza binti yangu, naye akaja kutueleza, mimi na mama yake na kaka yake, mchana tukiwa tumekaa kwangu. Kwa ukoo wao, mbuzi wa posa analetwa akiwa na viungo vyake. Mguu wa nyuma, mzima, unawekwa mbele ya msemaji. Anatoa kisu chake, anakata kipande cha kwanza, anampa baba wa msichana. Kipande cha pili anakula mwenyewe. Hapo maneno yamefunguka. Kabla ya hapo hakuna anayetaja msichana wala ng'ombe.

"Na mguu usipokuwepo?" nikauliza.

"Baba, utakosaje kuwepo? Mbuzi si ana miguu?"

Tukacheka. Akaniambia na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu jinsi lilivyoniingia. Wamasai wakishapeana mnyama kwa ajili ya ndoa, hawaitani tena majina. Wanaitana kwa mnyama yule. Akiwa ng'ombe, wakwe wangeniita Pakiteng, yaani mtu tuliyepeana naye ng'ombe. Sasa mimi nimeitwa kibarua, nimeitwa "wewe wa Singida", nimeitwa mzee kwa sababu ya mvi tu. Nilikuwa nikienda kumkatia majani yule beberu nalirudiarudia peke yangu. Pakiteng. Beberu ananiangalia.

Kaka yake siku ile hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wangu wa udongo.

"Hapa hapana," akasema. "Wageni watafikia kwangu."

"Posa inapokelewa kwa baba," mke wangu akamwambia.

"Mama, kwa baba kuku wanalala ndani."

"Kuku wamekukosea nini? Si ndio waliokusomesha?"

"Niachieni mimi. Nimehudumia mabalozi mimi. Hao wazee nitawapa huduma ambayo hawajaiona tangu wazaliwe."

"Kaka," binti yangu akasema, "wao wanataka mguu tu."

"Watapata zaidi ya mguu."

Tungeshindana naye mpaka jioni na tungemshinda, ila mvua ikamsaidia. Ilikata barabara ya kwetu pale korongoni, gari la wageni lisingefika. Ikabidi iwe kwake.

Nilimpeleka beberu mwenyewe siku ya kuamkia posa, nikamfunga getini, nikamwambia mwanangu, "Kesho tutamchinja wazee wakiwepo." Akaitikia, "Sawa baba." Asubuhi tulipofika kamba ilikuwa getini, mbuzi hayupo. Jikoni hatukuruhusiwa kuingia. Kutoka mlangoni nilimwona mpishi, rafiki yake wa kazini, amevaa kofia nyeupe ndefu kama chupa.

Wazee wakaja. Shuka zao safi, katambuga za matairi, fimbo mkononi. Walileta blanketi, sukari, tumbaku, na kibuyu cha maziwa chenye mkanda wa shanga kwa ajili ya mke wangu. Kibuyu kile kimebebwa mapajani kutoka Malambo, barabara ile unayoijua kama umeipita, na hakikumwagika hata tone.

Mwanangu alisimama mlangoni, kitambaa cheupe mkono mmoja, mkono mwingine mgongoni.

"Karibuni sana, wazee wangu. Jisikieni mko nyumbani. Naomba viatu tuviache hapa. Na fimbo pia, tafadhali, zinakwaruza marumaru."

Viatu walivua. Kwenye fimbo, yule baba mdogo akasimama. Mzee mrefu, masikio yametobolewa, macho yake yana mzaha hata akinyamaza.

"Kijana, fimbo hii haijawahi kulala nje mimi nikiwa ndani."

"Ni utaratibu tu, mzee."

"Wa nani?"

Mwanangu akacheka kile kicheko chao cha hotelini, kisichokuwa na jibu ndani yake. Mzee akaiegemeza fimbo ukutani kwa nje, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Wenzake wakafuata.

Mkamwana wangu akapokea kibuyu kwa ncha za vidole. "Jamani, kinanuka moshi." Alilisema kwa sauti ya chini, ila nyumba ya marumaru haina sauti ya chini. Mke wangu akanyoosha mikono akipokee, maana ni chake. "Kaa tu mama, nitakiweka vizuri." Kikaenda jikoni. Baadaye kidogo tukaletewa chai, na maziwa yake ni ya boksi.

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia maua ya plastiki.

Ikaja supu, kwenye vikombe vidogo, ya maboga, juu kuna jani. Mzee akachungulia ndani.

"Nani anaumwa hapa?"

"Hakuna anayeumwa, mzee," mwanangu akasema.

"Na huu uji?"

"Ni supu, mzee wangu. Ya kufungulia."

"Supu. Na mfupa wake?"

Wazee wakacheka, na mimi nikacheka, maana ulikuwa mzaha wa mtu mwema, anatutengenezea njia. Asiyecheka alikuwa yule kijana, amekaa karibu na mlango, anaangalia mikono yake.

Vikombe vikaondolewa. Tukangoja. Mnajua kuna kungoja kwa nyama inayochomwa, unasikia mafuta yakilia, unanusa, mdomo unazungumza. Hapo hakukuwa na harufu wala mlio. Wazee wakaanza kuangalia dirishani kule ziliko fimbo zao. Kisha zikaja sahani, kubwa, nyeupe, kila mtu na yake. Katikati ya sahani vipande vya nyama vidogo kama kete za bao, vimerundikwa, havina mfupa. Pembeni mchirizi wa mchuzi, kama ndege amepita juu.

Msemaji alikuwa ameshachomoa kisu chake, amekilaza gotini.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye ujia na beseni la maji ya kunawa, ambalo hakuna aliyemwagiza. Nikamwona anatazama sahani ya mzee, halafu ya jirani yake, halafu ya jirani wa jirani, anatafuta.

"Mwanangu," nikamnong'oneza kaka yake, "mguu uko wapi?"

"Umo humo, baba. Wote umo humo."

Mzee akaizungusha sahani yake upande, akaizungusha upande wa pili. Akaniambia mimi, "Mwenye mji, huyu mbuzi wenu alikuwa anatembeaje?"

Kabla sijafungua mdomo mwanangu akanijibia. "Tumetoa mifupa yote, mzee. Wageni wangu wa Ulaya wanakula hivi. Ni heshima ya juu kabisa."

"Wazungu?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee akawageukia wenzake. "Basi tumechelewa. Mzungu ameshaposa hapa."

Sebule yote ikacheka, na aliyecheka kuliko wote ni mwanangu. Alidhani amesifiwa. Mambo mengi nimemsamehe yule mtoto, na mengine nitayasamehe kabla sijafa, ila kicheko kile bado nakisikia nikiwa nafunga zizi.

Nikasimama. Nikasema, "Wazee, kaeni kidogo, naleta mbuzi mwingine sasa hivi." Mwanangu akanivuta shati. "Baba, unaniaibisha mbele ya wageni."

"Kaa, mzee," msemaji akaniambia, kwa upole. "Mbuzi wa siku moja ni mmoja."

Akakirudisha kisu alani. Kilitoa mlio mdogo tu. Binti yangu akaliweka beseni chini pale pale aliposimama.

Walikula. Niseme ukweli, walikuwa na adabu kuliko sisi. Kila mmoja alichoma kipande kwa uma, akakimeza kama anayeonja dawa, akaweka uma chini. Tukazungumza mvua. Tukazungumza majani ya Malambo na ndama waliokufa Oloipiri. Tulizunguka pale kama ng'ombe wanaozunguka bwawa lenye uzio. Kila mtu alijua kilichotuleta, na hakuna aliyeweza kukitaja, kwa sababu kilichokuwa kinafungua mdomo hakikuwepo. Mara moja yule kijana alisema, "Baba mdogo…" na baba yake mdogo akamwinulia kidole kimoja, wala si kwa ukali.

"Tumeshukuru," mzee akasema mwishoni. "Mvua ijayo ikinyesha tutakuja tena."

Walichukua fimbo kwanza, ndipo wakavaa viatu.

Gari lilipoondoka mwanangu alianza kukusanya sahani, anazipanga mkononi kwa ufundi wake, anafurahi. "Mmeona? Wameondoka wameridhika."

"Wameondoka na njaa," mama yake akasema.

"Mama, wale si watu wa kiwango hicho. Na mimi nimejitahidi. Kama hawakuelewa, ni kiwango chao."

Binti yangu hajawahi kumpandishia kaka yake sauti, na hata siku ile hakupandisha. "Kiwango gani, kaka? Hiyo meza unayoisifia umewahi kuikalia? Si huwa unasimama nyuma yake?"

Sahani zilibaki mkononi mwa mwanangu. Mpaka leo hawasalimiani ila kwenye misiba.

Tulipotoka nje tuliukuta mguu. Mbwa wa jirani alikuwa ameulalia pale kwenye shimo la taka, mfupa mrefu, mzuri, wa beberu wangu.

Mke wangu alirudi ndani kudai kibuyu chake. Mkamwana wangu akakitoa kwenye kichanja cha vyombo, kimeinamishwa, kinang'aa, kinachuruza maji. "Nimekiosha vizuri, mama, kwa sabuni ya limao. Ile harufu imekwisha kabisa." Maziwa alikuwa ameyamwaga. Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili, hakusema asante, na mke wangu ni mtu wa kusema asante hata kwa mvua ya mawe.

Mvua ilinyesha. Ikanyesha vizuri, mahindi yakawa marefu, korongo likajaa na likakauka. Gari kutoka Malambo halikuja. Kijana mwanzoni alikuwa akipiga simu, binti yangu anatoka nje kuzungumza, anatembea mpaka kwenye mpaka wa shamba na kurudi. Kisha akawa anazungumza hapo hapo mlangoni. Kisha simu ikawa inalala mezani tu, na mnadani mbuzi wao wakawa wanaletwa na kijana mwingine.

Kile kibuyu kilikuwa kinatuangalia ukutani. Posa ikisimama, chombo cha watu hakikai, na hakirudishwi kitupu. Siku moja ya mnada nilisikia baba mdogo amekuja mwenyewe kuuza maksai. Nikakichukua kibuyu, nikachuma majani mabichi nikayachomeka mdomoni mwake, kwa sababu nimewaona Wamasai wakishika majani mtu anapoomba amani. Maneno sikuwa nayo ya kutosha. Nilitegemea majani.

Nilimkuta amesimama karibu na mzani, fimbo begani. Aliponiona akanyoosha mkono kabla yangu.

"Bosi! Habari za mjini?"

Mimi sikai mjini. Siku ile nilikuwa na matope mpaka hapa. Lakini ndivyo wanavyowaita watu wa aina ile, wenye marumaru, na hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo jina nililopata.

"Nzuri," nikasema. "Nimeleta kibuyu cha watu."

Akakipokea. Aliyachomoa yale majani kwanza, akayashika vizuri, hakuyatupa. Akafungua kifuniko, akapeleka pua. Akaninusisha na mimi, ingawa nilikuwa najua.

"Sabuni," akasema. "Kibuyu tunakiosha kwa kijinga cha moto, kile cha mzeituni wa porini. Moshi ndio unaolinda maziwa. Hiki sasa, hata ukikichoma mwaka mzima, maziwa yataharibika humo. Kimeshainywa sabuni."

"Tulikosea, mzee mwenzangu."

"Hapana. Mlituheshimu sana." Akatabasamu kidogo, halafu lile tabasamu likaondoka. "Kijana tumempa mke kutoka Soitsambu. Watu tunaojuana. Bosi, usimlaumu. Alilia."

Akanirudishia kibuyu. Majani akabaki nayo, akayachomeka kwenye mkanda wake, akaenda kuangalia maksai wake wakipimwa.

Binti yangu alikuwa na cherehani yake upande wa pili wa mnada, chini ya turubai, anapinda shuka ya mtu. Aliniona nakuja na kibuyu mkononi. Alisimamisha cherehani, akakichukua, akakinusa kama alivyokinusa yule mzee, akakiweka chini karibu na mguu wake. Akamaliza kupinda, akaikunja ile shuka, akampa mwenyewe.

Nilipopita tena jioni alikuwa ametia vifungo vya nguo ndani yake.